Kilio Huanza Mkuu

Katika nchi ile, ambayo ni nzuri na haina tatizo lolote, zamani watu walikuwa wakifiwa ovyo ovyo. Mtu akipata habari ya msiba asubuhi, papo hapo analia, hamuulizi mtu wala haangalii aliyeketi karibu naye ana cheo gani. Akishalia anamwambia jirani wa meza, "Mimi nimefiwa, nakwenda," na kweli anakwenda, na jirani anamfuata jioni na mchele na sukari. Ndivyo walivyoishi tangu enzi za mababu, na hata methali walikuwa nayo ya kuhalalisha fujo hiyo: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia.

Serikali ikaona hapana.

Mambo yalianza siku Mtukufu Rais alipotembelea hospitali kuu. Muuguzi mmoja, aliyekuwa ametoka sasa hivi kumfunika mgonjwa shuka la mwisho, akamtazama Mtukufu kwa uso mkavu. Hakutukana wala hakununa, alimtazama tu. Mtukufu usiku hakupata usingizi. Kulipokucha washauri wake wakagundua kwamba kinachokosekana nchini si dawa wala vitanda bali akili hisia. Nchi zote zilizoendelea, walisema, mfanyakazi anazijua hisia zake, anazitawala, na anazielewa za mwenzake, lakini watu wetu wanahisi hivi hivi tu, kama kuku.

Wakaletwa wataalamu kutoka mbali, wakawekwa katika hoteli yenye mabwawa mawili ya kuogelea, na viongozi wote wakaitwa kujifunza. Tuwatendee haki wataalamu wale, walichofundisha kilikuwa kizuri. Walisema kiongozi bora ni yule anayeguswa na yanayowapata walio chini yake. Viongozi waliitikia kwa vichwa na chai ilikuwa nzito. Taabu ilikuja siku ya mwisho, pale mtaalamu alipouliza kama kuna mwenye swali, na Katibu Mkuu mmoja akanyoosha mkono. Alitaka kujua, mfanyakazi akipatwa na jambo, ni nani hasa anayetangulia kuhisi.

Mtaalamu hakulielewa swali, lakini wenyeji wote walilielewa, wakashangaa jinsi walivyochelewa kulifikiria. Katika nchi ile, mkubwa hajanawa, mdogo hagusi chakula. Mkubwa hajaketi, hakuna anayeketi. Mkubwa akisimulia kichekesho, watu hungoja acheke mwenyewe kwanza. Sasa itakuwaje karani ahuzunike wakati mkurugenzi wake bado yuko katika furaha? Mtaalamu akasema hisia hazina cheo. Katibu Mkuu akacheka, kwa hiyo ukumbi mzima ukacheka, na mtaalamu akapandishwa ndege jioni ile ile akiwa na zawadi ya kinyago.

Baada ya hapo ukatoka waraka, wenye maneno machache kuliko nyaraka zote zilizowahi kutoka: hisia hushuka kutoka juu. Methali nayo ikarekebishwa, na watoto wa shule wakafundishwa ile iliyo sahihi, kwamba kilio huanza mkuu, ndipo mfiwa akaingia.

*

Utekelezaji ulipangwa vizuri, hilo hata maadui wa nchi wanalikubali. Kila mkurugenzi alikabidhiwa leso nyeupe yenye nembo ya taifa pembeni. Mfanyakazi akipatwa na msiba huingia kwa mkurugenzi wake na kumweleza. Mkurugenzi akiguswa hutoa chozi, na moja linatosha, la jicho lolote. Chozi hupanguswa kwa leso, leso hukabidhiwa mfiwa, naye huikimbiza getini kabla haijakauka. Mlinzi huigusa kwa kidole. Baada ya wajanja wa idara fulani kuilowesha kwa maji ya bomba, walinzi waliamriwa waionje pia. Wakiipata chumvi, geti hufunguliwa, na mfiwa anaanza rasmi kuhuzunika kwa muda wa siku tatu.

Vitunguu vilipigwa marufuku ndani ya majengo ya serikali, kwa sababu zinazoeleweka. Tangu hapo chakula cha kantini kikawa hakina ladha, lakini ladha si hisia, kwa hiyo haikushughulikiwa.

Anayehuzunika kabla ya leso ana kosa la kutangulia. Hufukuzwa kazi, asiajiriwe tena popote, na jina lake husomwa redioni baada ya taarifa ya habari ili ndugu zake nao waone haya. Furaha ilifuata mkondo huo huo. Bwana mmoja wa Idara ya Barabara alipopata mtoto wa kwanza, ilisadifu mkurugenzi wake ana jino bovu, akawa hawezi kufurahi. Jino lile lilikuwa na mizizi mirefu. Siku bwana yule aliporuhusiwa kwenda kumwona mwanawe, mtoto alimkimbia akajificha nyuma ya mlango, wakampa jina la Ngojea.

*

Mize Kombo alikuwa mkaguzi wa mizani katika Idara ya Vipimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani kuhakikisha kilo ya muuza sukari ni kilo, na waliomjua walisema hana maneno mengi. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Bi Leokadia, Afisa Hisia wa idara, aliwapanga wafanyakazi uani kwa zoezi la kumeza. Unavuta pumzi, unakusanya lolote lililokupata tangu jana, unalimeza, unatabasamu. Wengine lilikuwa linawakwama wakakohoa. Mize alimeza vizuri mno hata akawa anaitwa mbele kuwaonyesha wenzake jinsi koo linavyotakiwa kushuka.

Sifa hiyo hakuipenda wala hakuikataa. Mshahara wake ndio uliomtunza mama yake na mdogo wake wa kike, Riziki, kule Kisimandege, mji mdogo nyuma ya vilima, na mtu hachezi na kinachoweka chungu mekoni. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa kitandani mwaka mzima. Kila mwisho wa juma Mize alipanda gari kwenda kumwogesha, maana mama yule alikuwa na haya nyingi, hata wauguzi aliwafukuza. Siku moja, akiwa amefunikwa kanga na maji bado yanamchuruzika mgongoni, alimshika Mize mkono. "Siku yangu ikifika, mwanangu, usiniache nikaoshwa na watu baki," alisema. "Haya maji ya mwisho uje uniogeshe wewe." Mize akamwambia atamwosha. Akasema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayekubali kuleta chumvi kutoka dukani.

Simu ya Riziki ilimkuta ofisini asubuhi, wenzake wakiwa wanasafisha mawe ya mizani. Mama alikunywa uji kidogo, akageukia ukutani, akaenda zake. Mazishi ni baada ya sala ya alasiri. Shangazi Mwatumu na waoshaji wenzake wameshafika, lakini wamekubali kumngoja binti mkubwa mpaka baada ya adhuhuri, kwa kuwa marehemu mwenyewe alikuwa ameshawaeleza. Riziki alikuwa analia waziwazi. Yeye alikuwa hajaajiriwa, alikuwa huru.

Mize akasikia kitu kinampanda kutoka tumboni. Akainua macho, akamwona Bi Leokadia amesimama mbele yake, kichwa kakiinamisha upande kama walivyofundishwa hotelini.

"Bi Mize," akasema kwa upole, "naona kama unataka kututangulia."

Mize akameza, na kitu kile kikarudi chini.

*

Mkurugenzi wa Idara ya Vipimo aliitwa Bwana Kirumbo, na alikuwa mgeni katika cheo hicho. Yule aliyekuwepo kabla yake alikuwa na ugonjwa wa macho, akitokwa machozi tangu asubuhi mpaka ofisi inafungwa. Katika siku zake idara ilisifiwa nchi nzima kwa huruma, watu walizika kwa wakati, naye akapandishwa cheo kwa kuwa na moyo. Bwana Kirumbo macho yake yalikuwa mazima. Tangu aje, hakuna aliyekuwa ameingia kwake kusema amefiwa, na wafanyakazi walikuwa wanawaombea wazazi wao afya kuliko kawaida.

Si mtu mbaya, Bwana Kirumbo. Mize alipoingia, alisimama, na mkurugenzi kusimama kwa ajili ya mkaguzi wa mizani ni jambo ambalo nchini mle halijawahi kuandikwa. Alimpa kiti, akasikiliza, akasema pole. Kisha akavua miwani, akaiweka kando, akakaza macho yake ukutani na kuanza kungoja. Bi Leokadia alikaa mkabala naye, leso mkononi.

Walingoja. Uso wa Mkurugenzi ukawa mwekundu, mishipa ikamtoka shingoni. Bi Leokadia akamshauri Mize amweleze marehemu kwa ukaribu zaidi, akianza na tabu alizopitia. Mize akaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akiamka alfajiri kukaanga vitumbua vya kuwasomeshea, yeye na mdogo wake, na jinsi mafuta yalivyomchoma mkono wa kulia hata ukabaki na kovu la rangi ya chai. Mkurugenzi alisikiliza kwa makini. Akauliza kama vitumbua vile vilitiwa iliki. Mize akasema vilitiwa. Mkurugenzi akameza mate, na baada ya muda ikabidi mtu atumwe akatafute vitumbua.

Alipokwisha kula alishika kifua, akasema kuna kitu anakisikia hapa. Bi Leokadia akaruka na leso. Ilikuwa kiungulia.

Ikaitwa kwaya ya idara, kwa kuwa hotelini walifundishwa kwamba muziki hulainisha. Kwaya ilikuwa na wimbo mmoja tu iliouzoea, wa kumpongeza Mtukufu kwa kutochoka, na wimbo ule una kanuni zake: ukiimbwa wote wanasimama, wanapiga makofi, na mkubwa aliyepo anatabasamu. Bwana Kirumbo akatabasamu. Mkubwa akishatabasamu, walio chini yake wanafuata. Kwa hiyo Mize Kombo, ambaye mama yake alikuwa amelazwa chini ya shuka akimngoja, alisimama katikati ya ofisi ile akapiga makofi na kutabasamu beti zote.

Walipokuwa wanatoka na ngoma zao, ikasikika adhana ya adhuhuri. Simu ya Mize ikalia. Riziki alitaka kujua kafika wapi.

"Niko njiani," Mize akasema, naye amekaa.

Bi Leokadia akatazama saa, akaomba radhi. Afisa Hisia haruhusiwi kukaa na njaa, kwa sababu mwenye njaa huhisi kwa makosa. Akaweka leso juu ya meza, akawaachia ushauri kwamba wasikate tamaa, kisha akaenda kula.

*

Walipobaki wawili, Mize alifanya jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. Alishuka kwenye kiti akapiga magoti kwenye zulia. Akamwomba Mkurugenzi, kwa jina la Mungu na kwa jina la mama aliyemzaa, aite getini aseme afunguliwe.

"Inuka, Bi Mize, nakuomba," Mkurugenzi akasema. "Geti halinisikilizi mimi. Linasikiliza leso."

"Basi lia, Mkurugenzi. Hukuwahi kufiwa wewe?"

Bwana Kirumbo aliinuka. Alikwenda akaufunga mlango, akarudi akakaa chini kwenye zulia karibu naye, na ukubwa wake wote ukawa kama umevuliwa ukatundikwa mahali. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake alifariki mwaka ule ule waraka ulipotoka. Alikwenda kwa Waziri wake, kama utaratibu unavyotaka. Waziri alimkaribisha vizuri, akamwambia angependa sana kumlilia, ila yeye mwenyewe kaka yake yuko kaburini na bado anamngojea Waziri Mkuu aguswe. Na Waziri Mkuu ana mtoto, aliyekufa maji. Naye anangoja.

"Anamngoja nani?" Mize akauliza.

Mkurugenzi akanyoosha kidole kwenye picha ya Mtukufu iliyotundikwa juu ya kabati.

"Na yeye je?"

"Hajaguswa bado," Mkurugenzi akasema. "Sasa nikimlilia mama yako, Bi Mize, wangu atasemaje? Kila nikilivuta chozi nalikuta yeye amelikalia."

Mize akamwelewa, na kumwelewa kule ndiko kulikomwondolea tumaini. Mpaka hapo alikuwa akidhani amekutana na mtu mgumu, na mtu mgumu hulainishwa. Kumbe alikuwa amekutana na foleni, na foleni yenyewe inaishia kwenye picha. Aliona kabisa mikono ya watu baki ikifunua kanga ya mama yake.

Mkurugenzi naye alikuwa akifikiri. Aliichukua leso mezani, akaitazama, akampa Mize, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akavunja sheria ya nchi.

"Lia wewe," akasema. "Chumvi ni chumvi, mlinzi hawezi kujua ni ya nani. Mimi nitageukia ukutani, sitaona kitu. Lia haraka uende."

Akageuka kweli, mtu mzima na tai yake, akaweka paji la uso ukutani kama mtoto anayehesabu wenzake wajifiche.

Mize akaweka leso usoni. Akamfikiria mama yake amegeukia ukutani na uji umebaki bakulini. Kitu kile kikampanda tena kutoka tumboni, safari hii hakuna wa kumkataza, kikafika kooni, na koo likakimeza. Akajaribu tena. Koo likashuka vilevile, kwa ustadi ule ule aliokuwa anawafundisha wenzake uani. Akajifinya mkono. Akajipiga kofi. Akaita mama, mama, kwa sauti ya kunong'ona, na midomo yake, kwa mazoea ya kila asubuhi, ikamaliza kwa tabasamu. Alijigusa akaliona tabasamu lile kwa vidole, akalichukia kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote duniani.

"Vipi?" Mkurugenzi akauliza kutoka ukutani.

"Hayatoki," Mize akasema.

*

Simu ikalia tena. Riziki alisema shangazi Mwatumu anauliza, maji yanapoa, na wanaume wako nje na jeneza, wanataka kuwahi. Dada kafika wapi?

"Sijatoka ofisini," Mize akasema.

Riziki hakumlaumu, na ingekuwa nafuu angemlaumu. Kisha Mize akamwambia ampe simu shangazi. Shangazi Mwatumu, mwanamke asiyekuwa na mchezo katika kazi ile, alisikiliza ombi, akasema jambo hilo hajapata kuliona tangu aanze kuosha maiti. Baadaye akasema Mungu anajua nia, akaamuru simu iwekwe dirishani, sauti ifunguliwe, na asiyehusika atoke.

"Haya, mwanangu," sauti ikaja kwa mbali, pamoja na mlio wa maji kwenye beseni. "Tuko naye. Tuongoze."

Mize akaweka simu juu ya meza ya Mkurugenzi. Akakunja mikono ya gauni lake mpaka juu ya viwiko.

"Maji ni ya vuguvugu?" akauliza. "Baridi hakuipenda."

"Ya vuguvugu, dada," Riziki akasema.

"Msimfunue. Mikono ipite chini ya kanga. Riziki, osha wewe, shangazi akumiminie. Anzeni upande wa kulia. Huo mkono wenye kovu, taratibu hapo, hali ya hewa ikigeuka humuuma."

Hakuna aliyemkumbusha kwamba hautamuuma tena. Maji yalisikika yakimiminwa. Mize naye mikono yake ilikuwa inakwenda juu ya meza, juu ya kioo chake kitupu, ikishuka kutoka begani hadi kwenye vidole, ikirudi. Aliwaambia wapitishe maji nyuma ya masikio. Aliwaambia bega la kushoto limevimba kwa kulalia, wasilikandamize. Alisema wasisahau katikati ya vidole vya miguu, mama hakuwa analala bila kupaosha hapo. Wakamgeuza aliposema wamgeuze. Wakatia majani ya mkunazi, wakamwaga maji tena, na mwisho shangazi akasema sasa yale ya karafuu maiti.

"Nywele zake," Mize akasema.

"Zimebaki chache, dada."

"Zisuke hizo hizo. Mikia mitatu, uilaze nyuma. Usivute, Riziki. Unavutaga sana wewe."

"Sivuti," Riziki akasema, na sauti yake ikakatika.

Bwana Kirumbo muda wote huo alikuwa bado ameweka paji la uso ukutani. Alikuwa ameahidi kutotazama na hakutazama, ila alikuwa amekiondoa kiganja kimoja ukutani akakiziba nacho kinywa.

Ikaja sauti ya sanda ikichanwa. Ikaja ya watu wakisaidiana kuinua. Halafu Riziki akasogea kwenye simu, akasema kwa ukaribu, kama aliyekuwa chumba kimoja naye, "Dada, tumemaliza. Amependeza. Wanamchukua sasa," na simu ikakatika.

Mikono ya Mize ilibaki mezani. Maji hayakuwepo, lakini alikuwa ameishikilia mbali na nguo, kama anayengoja kitaulo. Ndipo alipolia. Koo halikuulizwa. Machozi yalitoka kwa mkupuo mmoja, lile la asubuhi na yale yote aliyoyameza uani, akalia kwa sauti nene ambayo jengo lile lilikuwa limeisahau.

*

Mkurugenzi akageuka, akaiokota leso, akamfuta uso kama mama anavyomfuta mtoto, macho na pua na kidevu, mpaka leso ikawa nzito. Kisha akamshika mkono wakatoka mbio. Watu waliwaona wakipita, Mkurugenzi na kitambi chake, tai ikipepea begani, Mize nyuma yake akiburutwa, mikono ya gauni bado imekunjwa.

Mlinzi wa geti, mzee Mwinyikondo, aliipokea leso kwa mikono miwili. Hakuhitaji kidole, maana ilikuwa inatona. Akaionja kwa ajili ya utaratibu, akasimama wima.

"Hili ni chozi zito, Mkurugenzi," akasema. "Miaka yangu yote hapa sijalionja la namna hii. Hongera sana."

Bi Leokadia, aliyekuwa anarudi kutoka kula, aliona leso, akasahau njiti iliyokuwa mdomoni mwake. Akageukia madirisha ya ghorofa zote, akatangaza kwamba Mkurugenzi ameguswa. Idara ikapiga makofi. Halafu, kwa kuwa mkuu ameshaanza na sasa ni halali, idara ikalia. Walianza kwa adabu, wakimlilia Bi Mwanahawa ambaye hawakuwahi kumwona. Lakini mlango ulikuwa umefunguka na nani ajuaye utafunguka tena lini. Makarani wakashika madirisha wakaita majina ya baba zao. Mtu wa stoo akamwita mkewe. Waliokuwa na marehemu wa miaka na waliokuwa na wa juzi, waliowazika kwa kuwasikia tu, wote walilia kwa pamoja, na Bi Leokadia aliyekuwa anajaribu kuwapanga akaketi kwenye ngazi, akaanza kumlilia mtu ambaye hakumtaja.

Bwana Kirumbo peke yake ndiye aliyesimama macho makavu. Watu walikuja kumshika mkono na kumpa pole, naye alipokea, angefanyaje. Kulia hakuweza, maana aliye juu yake alikuwa bado.

Geti lilifunguliwa, Mize akatoka, likafungwa. Kutoka msikitini ng'ambo ya barabara ikaanza adhana ya alasiri. Kule Kisimandege jeneza lilikuwa limeshainuliwa, na wanawake wamebaki wakikunja mkeka na kumwaga maji mengine nyuma ya nyumba. Hakukuwa na kitu cha kuwahi. Alishusha mikono ya gauni lake, mmoja baada ya mwingine, akavuka kungoja gari.

Akasikia anaitwa. Mkurugenzi alikuwa amesogea kwenye geti, ameingiza uso kati ya vyuma, na kwa kelele za vilio nyuma yake ilibidi Mize arudi karibu ndipo amsikie.

"Bi Mize, samahani," akasema. "Ukifika huko, kama yatakuwa yamekubakia, nakuomba umlilie na wangu kidogo."

Mize alimtazama.

"Anaitwa Siwema," Mkurugenzi akasema.